Mlango Mmoja au Yote? Jinsi ya Kusaka Ubovu wa Vitasa vya Umeme vya Gari

Mvua za masika zikishika Tanga, wateja wa milango huongezeka. Mmoja anabonyeza rimoti pale Chumbageni, milango mitatu inaitika, wa nne kimya. Mwingine anafunga gari, anageuka kuondoka, anasikia milango imefunguka yenyewe nyuma yake. Wa tatu ameshuka mara moja kununua maji, gari likajiloki na ufunguo ndani, injini inaunguruma. Wote wakifika gereji neno ni lile lile: "Fundi, kitasa kimekufa, nitafutie kingine."

Mimi ni fundi umeme wa magari, kazi zangu nyingi nazifanyia Ngamiani, na neno hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Kitasa kinanunuliwa, kinafungwa, na tatizo linabaki pale pale kwa sababu tangu mwanzo halikuwa kwenye kitasa. Inaniuma, maana ukikaa na gari dakika kumi, ukabonyeza na kusikiliza kabla ya kushika bisibisi, gari lenyewe linakuonyesha pa kwenda. Ila ili uelewe linachokuonyesha, lazima kwanza ujue kinachofanyika ndani ya mlango.

Kitasa chenyewe kimekaa kwenye ukingo wa mlango, na kazi yake ni kung'ata kile kipingo cha chuma kilichofungwa kwenye bodi. Ubavuni mwake kuna kimota kidogo, hakizidi sana kidole gumba, kinachozungusha gia za plastiki. Gia zinasukuma mkono mdogo: ukienda huku mlango umelokiwa, ukirudi huku umefunguka. Kwenye magari mengi ya sasa mota na kitasa vimo ndani ya kasha moja. Kwenye ya zamani mota iko peke yake na inakivuta kitasa kwa ufito. (Mwenye Mercedes-Benz ya zamani asinifuate hapa. Nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitumia mvuto wa hewa kwenye vimpira vyembamba badala ya mota, na ubovu wake ni kusaka mpira uliopasuka.)

Mota ina waya mbili tu za nguvu. Gari likiwa limetulia, waya zote mbili zimeunganishwa na hasi, kwa hiyo mota imelala. Ukibonyeza kuloki, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inaupa waya mmoja chanya, ule wa pili unabaki hasi, mota inazunguka upande mmoja. Ukibonyeza kufungua, waya zinabadilishana kazi: uliokuwa hasi unapewa chanya, uliokuwa chanya unarudi hasi, mota inazunguka kinyume. Umeme wenyewe unapita kwa muda mfupi sana, chini ya sekunde moja, kisha unakatwa. Ile "tak" unayoisikia ndiyo safari nzima ya mota, kwenda na kusimama.

Sasa angalia jambo linalotoka hapo, kwa sababu ndilo linalookoa pesa za watu. Ikiwa waya zile zile mbili ndizo zinazofunga na ndizo zinazofungua, basi waya mmoja ukikatika, mlango ule haufungi wala haufungui. Hauwezi kukatika ukaua upande mmoja tu. Kwa hiyo mteja akiniambia mlango wake wa nyuma unaloki vizuri lakini haufunguki kwa umeme, siendi kwanza kwenye waya. Naenda kwenye kitasa: kuna uchafu, kuna kutu, ufito umepinda, au mota imechoka na inashindwa upande ule wenye uzito zaidi. Lakini akiniambia milango yote inaloki na hakuna hata mmoja unaofunguka, hapo ndipo natazama rilei ya upande huo, swichi, au kontroli boksi (kompyuta inayoamuru milango), kwa sababu ni vigumu vitasa vinne vikachoka kwa pamoja asubuhi moja.

Kuna mahali pa kuwa mwangalifu. Magari mengi yana rimoti ambayo ukibonyeza mara moja inafungua mlango wa dereva peke yake, ukibonyeza mara ya pili inafungua iliyobaki. Gari la namna hiyo limempa dereva rilei yake ya kufungulia. Basi mlango wa dereva ukiloki na milango mingine lakini ukagoma kufunguka, usikimbilie kulaumu kitasa kabla hujaipima rilei hiyo.

Swali la kwanza, basi, ni mlango mmoja au yote. La pili ni nani aliyetoa amri. Jaribu rimoti, jaribu swichi ya mlango wa dereva, kisha tia ufunguo kwenye tundu la mlango uzungushe. Swichi ikifanya kazi na rimoti isifanye, milango ni mizima. Angalia betri ya rimoti, kale ka mviringo ka volti 3, kabla hujafungua kitu chochote. Rimoti ikifanya na swichi isifanye, swichi ndiyo mbovu. Na ufunguo ukifungua mlango wa dereva peke yake huku mingine ikilala, kumbuka kwamba mlango huo ufunguo unaufungua kwa chuma bila kuhitaji umeme, kwa hiyo usiseme "wa dereva mzima" kwa ushahidi huo.

Rimoti nyingine hukataa kuloki kwa sababu gari linaamini kuna mlango uko wazi. Tazama taa ya ndani na alama ya mlango kwenye dashibodi. Zikiwaka ilhali milango yote imefungwa, kisenso cha mlango mmojawapo kimeliwa na kutu au mlango haujang'ata sawasawa. Hiyo si kazi ya sentaloki, yaani mfumo wa kuloki milango yote kwa umeme, hata kidogo, na ukiiacha siku mbili tatu utakuta na betri imelala.

Swali la tatu ni sauti. Weka kiganja kwenye jalada la ndani la mlango, mwenzako abonyeze. Ukisikia "tak" yenye nguvu lakini kipini cha ndani cha kuloki hakiendi, mota inafanya kazi na kilichokatika ni ufito au klipu yake. Ukisikia mlio wa kuzunguka bila kushika, "zzzz", gia ya plastiki imelika meno. Kitasa kikitoa "tik" dhaifu, ya kuchoka, ama umeme unafika kidogo ama kaboni za mota (vipande vinavyoipitishia umeme) zimeisha. Kimya kabisa kina maana mbili: umeme haufiki, au mota imekufa. Hapo hakuna kubahatisha, ni kupima.

Kabla ya kupima mlango, pima betri ya gari. Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma volti 12 kamili imeshuka sana, na vitasa ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kuonyesha uvivu. Nimeona magari yaliyokaa wiki nzima pale Raskazone yakaletwa kwa kosa la milango, yakarudi na betri iliyochajiwa tu.

Milango yote ikiwa kimya, hatua inayofuata ni fyuzi. Fyuzi ipimwe kwa taa ya kupimia umeme pande zote mbili, isitazamwe kwa macho peke yake, kwani ufa wake unaweza kuwa mwembamba usionekane. Ikiwa imekatika, weka ya kiwango kile kile kilichoandikwa kwenye jalada la boksi: ya buluu ni ampea 15, ya njano ni 20. Kuna watu wanaofunga waya au karatasi ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi. Tafadhali msifanye hivyo. Fyuzi imewekwa ili ikatike yenyewe badala ya waya kuungua ndani ya kitambaa cha gari ukiwa na watoto kiti cha nyuma.

Na fyuzi mpya ikikatika tena, usiendelee kuzipoteza. Chukua balbu ya breki ya wati 21, iunganishe mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu wakati hakuna mtu anayebonyeza chochote, kuna shoti mahali fulani. Iache iwake, kisha tikisa waya za mlango mmoja mmoja. Mahali utakapogusa balbu ikazima ndipo palipo na waya uliochubuka. Njia hii ni rahisi na haiunguzi kitu, kwa sababu balbu yenyewe inazuia umeme usipite zaidi ya kiasi chake.

Usisahau alamu. Magari mengi yanayofika hapa kutoka Japani hufungwa alamu baada ya kununuliwa, na fundi aliyeifunga amekata waya za sentaloki chini ya dashibodi akazisokota na alamu kwa utepe. Baada ya miaka michache ya joto la pwani, gundi ya utepe inayeyuka, utepe unafunguka, na viungo vinaanza kulegea. Gari lenye milango yote inayofanya kazi leo na kugoma kesho, mimi huanza hapo.

Sasa tuje kwenye mlango mmoja, na hapa nataka tukae.

Fungua mlango wa dereva utazame kati ya bawaba. Utaona mpira mweusi wenye mikunjo, mfano wa mkonga mfupi, unaotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Ndani yake zimepita waya zote za mlango huo: kioo, spika, kitasa, swichi. Kila ukifungua mlango zinanyooka, kila ukifunga zinakunjwa, mahali pale pale, kwa miaka. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa kuliko yote, kwa hiyo ndio unaoumia kwanza. Shaba inakatika ndani kwa ndani, uzi mmoja mmoja, huku plastiki ya nje ikibaki nzima. Ukitazama kwa jicho utaapa kwamba waya ni mzima.

Dalili zake ni hizi: kitasa kinafanya kazi mlango ukiwa wazi na kinagoma ukifungwa, au kinyume chake, kioo au spika ya mlango huo huo nayo imeanza visa, kitasa kinaitika ukiupiga mlango. Kupima ni rahisi. Mwenzako aendelee kubonyeza swichi, wewe shika ule mpira uutikise, uukunje, uuvute kidogo. Kitasa kikishtuka hata mara moja, umeshapata. Usiguse kitasa.

Alinijia mwalimu mmoja kutoka Muheza ambaye gari lake lilikuwa limebadilishwa kitasa cha mlango wa dereva mara mbili kwenye gereji nyingine. Cha kwanza kilifanya kazi wiki moja, cha pili siku tatu. Alikuwa amekwisha kuamini kwamba gari lake lina mkosi. Vile vitasa vilipofungwa, kazi ya kufungua na kurudisha mlango ilizitikisa waya, ncha zikagusana kwa muda, kila mtu akasema kimepona. Nilipoufungua mpira, waya mmoja ulikuwa umeshikiliwa na uzi mmoja wa shaba, pengine miwili. Kitasa chake cha asili alikuwa nacho kwenye mfuko nyuma ya gari. Nikakigusisha kwenye betri pale mezani. Kiliruka kama kipya.

Mafundi waliomtangulia walipima, sikatai. Walipima kwa mita, na mita ikawaambia volti 12 zipo. Mita haikudanganya, ila haikuulizwa swali sahihi. Fikiria bomba la maji lililoziba karibu lote. Koki ikiwa imefungwa, kipimo cha mgandamizo kitasoma sawa na bomba zima. Fungua koki, yatatoka matone. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo uzi mmoja wa shaba unaiandikia volti 12 bila shida, lakini mota ikidai ampea zake kadhaa uzi ule hauwezi kuzibeba. Ndiyo maana kwenye kazi hii naiamini balbu kuliko mita. Balbu ile ile ya breki ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75. Ichomeke kati ya waya mbili za soketi ya mota, bonyeza swichi. Ikimulika kwa nguvu kuloki na kufungua, umeme unafika na mota ndiyo mgonjwa. Ikitoa mwanga hafifu wa rangi ya chungwa, waya umeliwa mahali. Isipowaka kabisa, rudi nyuma hadi upande wa bodi, upime tena kabla ya ule mpira. Tena kwa kuwa umeme unapita chini ya sekunde moja, mita nyingi za tarakimu huunasa kwa kubahatisha, ilhali jicho linaiona balbu ikimulika. Onyo moja: balbu hii ni kwa waya nene za mota. Usiiguse kwenye waya nyembamba za kompyuta, utaua kitu cha bei kubwa kuliko mlango.

Kutengeneza waya hizo kuna namna yake. Ukilehemu pale pale zilipokatikia, risasi inaufanya waya kuwa mgumu, na mkunjo unauvunja tena pembeni ya kiungo. Vuta waya kutoka ndani, kata sehemu yote iliyochoka, unga kipande kipya cha waya laini wenye nyuzi nyingi, na viungo vikae ndani ya bodi na ndani ya mlango, nje ya mkunjo. Visikae sambamba; kimoja kiwe mbele na kimoja nyuma, ili mpira uingie.

Kama balbu imesema umeme unafika, sasa jalada la mlango linafunguliwa. Pandisha kioo kwanza. Skrubu huwa zimejificha nyuma ya kipini cha kufungulia na ndani ya mfuko wa kuvutia mlango, chini ya vifuniko vidogo. Ukizitoa, vuta kuanzia chini, klipu zitaachia moja moja, kisha nyanyua jalada kulitoa kwenye ukingo wa kioo. Nyuma yake utakuta nailoni imegandishwa. Naomba uiheshimu nailoni hiyo. Watu hudhani maji ya mvua hayaingii kwenye mlango. Yanaingia kila mvua inaponyesha, yakishuka na kioo, na mlango umetengenezwa uyapokee na kuyatoa kwa matundu madogo chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wa jalada na soketi. Fundi akiichana na kuitupa, anakuwa ameitengenezea mota kifo cha polepole.

Kwa Tanga hili ni kubwa kuliko kwa mtu wa Dodoma. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na maji yenye chumvi yakikaa kwenye soketi, shaba inaota ukungu wa kijani na umeme unaanza kupita kwa taabu. Vumbi la barabara za ndani likichanganyika na maji linaziba yale matundu ya chini, mlango unageuka dumu. Ukitikisa mlango ukasikia maji yanacheza ndani, chukua kijiti au waya laini uyazibue siku hiyo hiyo. Soketi yenye ukungu isafishwe kwa dawa ya kusafishia soketi, ikauke kabisa. Kitasa chenyewe kikiwa kizito, kisafishwe kwanza, kisha kipakwe grisi nyeupe kidogo. Oili ya injini haifai hapo, inakamata mchanga na baada ya miezi michache inakuwa udongo.

Mota ikithibitika imekufa, si lazima kununua kitasa kizima. Vitasa vingi vya Kijapani vina mota ya aina ya FC-280, inayouzwa peke yake, na fundi mvumilivu anaweza kufungua kasha akaibadilisha. Ila hakikisha urefu wa shina na gia yake vinalingana na vya zamani. Ukiamua kitasa cha mtumba, nenda nacho cha zamani mkononi, linganisha upande, linganisha idadi ya pini kwenye soketi, na kijaribu kwenye betri kabla ya kutoa pesa: gusa mara moja chini ya sekunde, geuza waya, gusa tena, mara kumi hivi. Usiibonyeze mota mfululizo bila kupumzika. Nyingi zina kinga ya joto ndani. Ikipata moto inakata umeme, nawe utadhani imekufa kumbe imepumzika.

Kitasa cha dereva kina siri yake. Ndani mna swichi ndogo inayoiambia kompyuta kama mlango umelokiwa au la. Mota ya dereva ikichoka, inasukuma lakini haifiki mwisho. Kompyuta inaona milango mitatu imefungwa na wa dereva haujafungwa, na kwenye magari mengi jibu lake ni kuifungua yote ili usifungiwe nje. Huyo ndiye mteja wangu anayesema milango "inajifungua yenyewe". Wanambadilishia rimoti, wanambadilishia kontroli boksi, na dawa ilikuwa mlango mmoja tu. Kumjua ni rahisi: mwambie aloki kwa rimoti huku wewe umeusukuma kwa kidole kipini cha ndani cha mlango wa dereva kuelekea kuloki. Milango ikitulia, mgonjwa ni yule.

Gari linalojiloki lenyewe mvua ikinyesha ni ndugu yake: maji yamefika kwenye swichi za kitasa au swichi kuu ya mlango, na kompyuta inadhani umebonyeza. Hadi litengenezwe, kioo cha dereva kibaki wazi kidogo kila unaposhuka na ufunguo uko ndani.

Na mlango wa nyuma usiofunguka kwa ndani lakini kwa nje unafunguka, huo si ubovu. Fungua mlango, tazama ukingoni karibu na kitasa: kuna kiswichi kidogo cha kuzuia watoto. Kirudishe.

Kama huna nafasi ya kutengeneza leo na milango inasumbua usiku, soma jalada la boksi la fyuzi uone fyuzi ya milango inalisha nini kingine, maana kwenye baadhi ya magari inabeba na vioo. Pandisha vioo vyote, kisha ichomoe. Mlango wa dereva utafungwa kwa ufunguo, mingine utaisukuma kipini chake cha ndani kwa mkono kabla ya kuufunga kila mmoja. Fyuzi iweke mfukoni.